Jembe Likigonga Mukuba



Wiki hii tunataka kuongea juu ya vitu ambavyo ardhi inaturudishia, na namna ya kuvipokea.

Katika nchi nyingi, na zaidi Uingereza, kuna watu ambao siku ya mapumziko wanatembea polepole mashambani wakishika fimbo yenye duara la waya kwenye ncha. Umeme unapita katika waya huo na kuamsha nguvu ya sumaku. Kama kuna metali chini ya udongo, inaijibu nguvu hiyo, na chombo kinalia. Si kazi yao, ni furaha yao tu. Siku nyingi wanapata misumari na vifuniko vya chupa. Lakini siku moja moja ardhi inatoa kitu ambacho hakuna aliyekitazamia.

Tarehe 16 Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, mashariki ya Uingereza, mkulima Peter Whatling alikuwa amepoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake Eric Lawes, mzee aliyestaafu kazi ya bustani, amtafutie kwa chombo chake. Sisi tunaosoma Biblia tunamkumbuka mara moja yule mwanamke wa Luka 15, aliyewasha taa na kufagia nyumba yote kwa sababu ya sarafu moja. Mzee Lawes alitafuta nyundo, akapata vijiko vya fedha, mapambo ya dhahabu na sarafu za Waroma. Zilipohesabiwa, sarafu peke yake zilikuwa 14,865. Zilikuwa zimefichwa pale tangu miaka kama 1,600.

Kinachotugusa zaidi ni jambo alilofanya baada ya kuona vile vitu: aliacha kuchimba. Wakaenda kutoa habari, na kesho yake wataalamu wakafika. Kwa sababu vitu vingi vilikuwa bado vimelala mahali pake, waliweza kujua kwamba vilipangwa ndani ya sanduku la mbao, vingine vikiwa vimefungwa kwa kitambaa, jinsi mama anavyopanga vitu vyake vya thamani. Kulikuwa na bangili yenye jina la mwanamke, Juliana, pamoja na maneno ya kumtakia furaha anapoivaa. Kulikuwa pia na chombo cha pilipili manga chenye umbo la mwanamke aliyevaa vizuri. Ilitolewa zawadi ya pauni 1,750,000, na mzee Lawes akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana! Leo iko katika jumba la makumbusho la British Museum, London, pamoja na hazina yenyewe.

Kama wangechimba haraka haraka usiku na kuuza kwa kilo, leo ingekuwa fedha tu, na hakuna ambaye angesikia jina la Juliana.

Kuna habari nyingine iliyo karibu zaidi na lugha yetu. Mwaka 1944, askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa kwenye ufuko wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Aliokota sarafu chache mchangani, akaziweka kwenye kopo. Mwaka 1979 ndipo zilipofika kwa watu wanaozijua. Tano kati yake zilikuwa sarafu za shaba za Kilwa. Hatusemi Kilwa yetu ya ziwa Moero, ni Kilwa ya pwani ya Tanzania, mji wa masultani wa zamani, mbali sana ng'ambo ya bahari. Zilifikaje huko? Watu wanatafuta jibu hadi leo, na wanaweza kutafuta kwa sababu yule askari alichora ramani na kuweka alama mahali alipoziokota.

Sasa turudi nyumbani. Hapa kwetu hatujaona mtu anayetembea na chombo kile kwa furaha. Chombo chetu ni jembe. Msimu huu, mama mmoja wa kundi letu alikuwa akifungua shamba jipya la karanga, jembe likagonga kitu kigumu. Akakichimbua kwa mikono, akakifuta kwa kitenge. Ulikuwa msalaba mdogo wa mukuba, wenye mikono minne, umegeuka rangi ya kijani kwa kukaa sana udongoni.

Wamama tukagawanyika. Kuna mnunuzi wa vyuma vikuukuu barabarani mwenye mizani, na mwenzetu alikuwa na deni la minervali ya binti yake wa sekondari. Mmoja wetu akasema, "Mtoto hali historia." Alisema kweli, na hakuna aliyemcheka. Mwingine akauliza, "Ukishayeyushwa, tutauomba kwa nani?" Tukanyamaza kidogo.

Basi tueleze huo msalaba ni nini. Wazee wa Katanga walikuwa wakikusanya mawe ya kijani wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Waliyachoma kwa makala ya miti katika matanuru ya udongo, kisha wakamimina mukuba katika umbo la msalaba. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya kale: Jacques Nenquin mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka 1958, na Pierre de Maret mwaka 1974. Kwa kuandika kila msalaba ulilala wapi na pamoja na nini, waliona kwamba kadiri miaka ilivyopita misalaba ilipungua ukubwa, ikawa mingi na ya kufanana. Hivyo wakaelewa kwamba iligeuka kuwa pesa ya watu. Waliona pia kwamba katika makaburi ya watoto vyungu vilikuwa vidogo kufuata umri wa mtoto. Mama akisikia hilo, haombi maelezo mengine. Na msalaba huo ndio uliowekwa kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960 na kwenye sarafu zake za 1961.

Tulipohesabu, bei ya mnunuzi isingefika hata nusu ya minervali. Mama aliyekuwa na zamu ya likelemba mwezi huo akamwachia mwenzetu zamu yake. Binti yuko darasani, na msalaba uko nyumbani kwao. Tuliupima kwa rula ya shule, tukauchora, tukaandika jina la shamba, kina ulipotoka, na kwamba hakukuwa na kitu kingine kando yake. Familia itautolea habari kwa chefu, kwa maana sheria ya nchi yetu ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni. Pale kwenye jumba la makumbusho la Lubumbashi kuna misalaba ya namna hiyo, na watoto wetu wanaweza kuiona.

Wamama, kuna upande mwingine. Watoto wetu wanaokota vyuma ili wauze. Chombo cha kutafuta metali kilipata nguvu wakati wa vita: afisa wa Poland, Józef Kosacki, alitengeneza kimoja cha kutafuta mabomu yaliyofukiwa, kikatumika El Alamein, Misri, mwaka 1942. Nchi yetu pia imepita katika vita, na mabomu hayana tarehe ya kufa. Tuwafundishe watoto: chuma usichokijua, usikiguse, usikipige kwa jiwe, usikitupe motoni. Weka alama mbali kidogo, rudi kwa njia uliyoijia, uite mtu mzima.

Na kitu kikiwa salama, kabla ya mizani, tuulize maswali matatu: kimetoka wapi, kilikuwa na nini kando yake, na nani alikiona kwanza. Kundi letu limefungua daftari kwa kazi hiyo. Liko kwa katibu. Mwenye kitu nyumbani, hata kama alikipata zamani na bibi yake, alete habari zake siku ya mkutano, pamoja na jina la shamba.