Siku ya Kuzaliwa Katika Kihamba cha Machame

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za mlima Kilimanjaro, lakini si wote mliofika huku. Kwa hiyo nataka kwanza kuwaonyesha mahali, ndipo niwaeleze jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ukitoka mjini Moshi ukashika barabara ya Arusha, utafika njia panda ya Machame. Hapo wageuka mkono wa kuume, ukaanza kupanda. Huko chini ni nchi ya jua na vumbi, mashamba ya mahindi na maharage. Bali kadiri upandavyo hewa yazidi kupoa, na migomba yakuzunguka pande zote, hata nyumba huzioni ila kwa moshi wake. Mito ya Weruweru na Kikafu imechimba mabonde marefu, na watu wamejenga juu ya migongo iliyo kati ya mabonde hayo. Asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajafunga, kilele cha Kibo huonekana karibu, kana kwamba mtu angeweza kukifikia kabla ya chakula cha mchana; kumbe kimo chake ni mita 5,895.

Shamba la nyumbani kwetu huitwa kihamba. Chini hupandwa magimbi na maharage, juu yake kahawa, juu ya kahawa migomba, na juu ya yote miti mirefu kama mringaringa. Ng'ombe hukaa zizini na kuletewa majani, na samadi yake hurudi migombani. Maji hushuka kwa mifereji ambayo wazee waliichimba tangu zamani kutoka msituni. Mpakani hupandwa masale, mmea ambao Wachaga huuheshimu sana, maana mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake kuomba radhi. Na wafu wetu huzikwa papo hapo kihambani, hata babu zetu hawako mbali na mahali tulapo chakula. Habari yangu ni ya siku moja iliyopita yote ndani ya mpaka wa masale hayo.

Zamani wazee wetu hawakuwa na desturi ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa. Umri wa mtu ulijulikana kwa rika lake, au kwa jambo kubwa lililotokea: njaa fulani, nzige fulani, mvua fulani iliyobomoa mifereji. Hata shule na vyeti vilipokuja, ikawa lazima kila mtu awe na tarehe. Siku hizi tarehe hiyo imekuwa kubwa. Hukodiwa hema na viti, hupigwa vipaza sauti, na kadi za michango huzunguka kwa jamaa na majirani. Sisemi kwamba ni vibaya watu kufurahi pamoja. Lakini nimeona nyumba kadhaa zikila karamu siku moja na kulipa deni miezi mingi. Nimeona pia mwenye siku akiwa na shughuli nyingi za wageni, asipate nafasi ya kukaa na mama yake hata robo saa.

Cheti changu chasema nalizaliwa tarehe 11 Mei 1964. Basi Jumamosi ya tarehe 11 Mei 2024 nikatimiza miaka 60, na kwa sheria ya utumishi wa umma mtumishi afikapo umri huo hustaafu kwa lazima. Kazi ya ualimu niliyoishika tangu ujana wangu ikakoma siku ile. Ndugu zangu walitaka kufanya karamu kubwa. Nikawashukuru, nikawaambia, "Ya kumaliza kazi tutaifanya siku nyingine, kwa kiasi chetu. Siku ya kuzaliwa nataka kuipeleka kwa yeye aliyenizaa." Mama amepita miaka 80; macho yake yamepungua nuru, bali masikio yake mazima, na ulimi wake mzima kuliko masikio. Nikasema nitampikia mtori, na jioni tutafanya mazoezi ya nyimbo pamoja, basi.

Sikuuchagua mtori kwa kuwa ni chakula kitamu tu. Uchagani, mama akijifungua hukaa ndani yapata miezi mitatu, halimi wala habebi mzigo, naye hupikiwa na mama mkwe wake au jamaa zake. Chakula chake kikubwa ni mtori, ndizi mbichi zilizopondwa katika mchuzi wa nyama, ili apate nguvu na maziwa. Hivyo Mchaga, kabla hajauonja kwa kinywa chake, alikwisha kuupata katika maziwa ya mama yake. Nalisoma kwamba nchini Korea nako mama aliyejifungua hupikiwa supu ya mwani, na kila mtu huko, siku yake ya kuzaliwa ifikapo, hunywa supu hiyo hiyo. Nikaona desturi hiyo ni nzuri, nasi tungeweza kuwa na ya kwetu bila kununua kitu kigeni.

Basi asubuhi nikakata mkungu wa mshare, nikaketi jikoni pamoja na mama. Jirani aliyekuja kuomba moto akanikuta na kisu na ndizi mapajani, akamwuliza mke wangu kwa upole kama anaumwa. Mke wangu akajibu, "Mimi mzima. Mwalimu ndiye aliyerudi shule." Tukacheka sote.

Mama alikuwa mwalimu wangu kweli. Akaniagiza nipake mafuta mikononi, maana utomvu wa ndizi hushika ukawa mweusi; tena ndizi zilizomenywa nizitie majini upesi zisibadilike rangi. Nyama ya mifupa twaliitangulizia motoni peke yake karibu saa mbili, mpaka ikalegea. Ndipo tukatia ndizi na vitunguu na chumvi, tukafunika. Zilipoiva nikatoa mifupa, nikaanza kuponda kwa mwiko. Nilipotaka kupumzika mama akasema, "Bado. Nasikia vipande." Hakutazama chunguni, alisikia kwa mlio wa mwiko. Mwisho akaamuru maziwa kidogo, na siagi.

Tulipokuwa tukingoja chungu, nikamwambia, "Mama, leo natimiza miaka 60."

Akasema, "La, mwanangu. Ulikwisha kuitimiza."

Nikamwuliza, "Kwa namna gani, mama? Leo ndiyo tarehe 11."

Akajibu, "Hiyo ni siku ya karatasi. Wewe nalikuzaa watu walipokuwa wakishuka mashamba ya chini kupanda mahindi, masika hayajakolea. Na jioni moja baba yako akarudi akaniambia kwamba Nyerere na Karume wameunganisha nchi. Siku hiyo ulikuwa mapajani pangu wanyonya, nami nala mtori huu."

Ninyi walimu mwajua kwamba Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulikuwa tarehe 26 Aprili 1964. Basi nisingeweza kuzaliwa Mei. Nikamwuliza kwa nini naliandikwa hivyo. Mama akanyamaza kitambo, akasukuma kuni ndani.

Kisha akasema, "Kabla yako nalizaa msichana. Tulimwandikisha upesi, tukafurahi, nyumba ikajaa watu. Hakumaliza mwezi. Yuko pale, kwenye masale ya upande wa mfereji. Wewe ulipokuja, sikutaka uandikwe. Nalisema, nimtazame kwanza kama atakaa. Ulipoanza kunenepa ndipo nikamruhusu baba yako. Karani akamwuliza tarehe, naye akataja siku ile ile aliyosimama mbele yake."

Wasomaji wangu, miaka yote hiyo nimepita karibu na masale yale nikienda kuchota maji, nikienda shule, nikiwafundisha watoto wangu kupogoa kahawa, wala sikujua kwamba dada yangu yuko chini yake. Mama hakumficha, hakuna aliyemwuliza. Nikamwuliza jina lake, akanitajia. Jina hilo ndilo alilompa mjukuu wangu wa kike miaka kumi iliyopita, nasi twalidhani amelipenda tu kwa uzuri wake.

Tarehe hiyo ya 11 Mei ina habari nyingine ambayo nimeifundisha darasani mara nyingi. Mwaka 1848, siku kama hiyo, Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona kwa macho yake theluji juu ya Kilimanjaro. Habari zake zilipofika Ulaya, mtaalamu mmoja wa London, W. D. Cooley, alikataa katakata, akisema theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Mtaalamu huyo alikuwa na vitabu vingi, lakini mlima hakuuona. Ubishi ule uliendelea miaka, hata safari za Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862 zikathibitisha maneno ya Rebmann. Nalizoea kuwaambia wanafunzi kwamba habari hii yatufundisha jiografia. Siku ile, karibu na chungu, nikaona yatufundisha pia kumsikiliza aliyekuwako. Wenyeji wa huku walikuwa wakiutazama weupe ule kila asubuhi kabla ya Rebmann kuja. Na siku niliyozaliwa, karani hakuwako, mama alikuwako.

Tukala mtori, mama akitangulia kupewa bakuli. Alasiri, yapata saa kumi, tukakusanyika chumbani kwa mazoezi. Tunacho kinanda cha kukanyaga kwa miguu, ambacho baba alikinunua kwa fedha ya kahawa. Siku za masika vidole vyake viwili havilii, nasi tumejifunza kuvijaza kwa sauti zetu. Mke wangu huimba sauti ya kwanza, mjukuu wa kike ya pili pamoja na mama, mjukuu wa kiume ya tatu, nami ya nne. Twatumia nota za do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi, njia ambayo John Curwen aliieneza Uingereza katika karne ya 19 kutoka kwa kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, na ambayo kwaya nyingi za nchi yetu hujifunzia hata leo. Faida yake ni kwamba nyumba isiyo na kinanda yaweza kujifunza sauti nne kwa karatasi moja na sikio moja zuri.

Na sikio zuri twalikuwa nalo. Tulipofika mstari wa tatu mama akainua mkono. "Sauti ya pili imepotea hapo." Mjukuu akasema, "Bibi, ndivyo ilivyoandikwa." Tukatazama karatasi: ndivyo ilivyoandikwa kweli, lakini aliyenakili alikuwa ameweka fa mahali pa so. Mama hajui kusoma nota; alijifunza sauti ile katika kwaya akiwa msichana. Tukasahihisha kwa kalamu, na wimbo ukakaa sawasawa.

Tulipopumzika niliwasimulia wajukuu habari za Johann Sebastian Bach, aliyekuwa mwalimu wa waimbaji mjini Leipzig tangu 1723 hata alipokufa 1750. Ndio mji ule ambao wamisionari wake walifika Machame mwaka 1893. Katika barua ya mwaka 1730 kwa rafiki yake Georg Erdmann, Bach alieleza kwamba watoto wake wote ni wanamuziki wa kuzaliwa, hata kwa watu wa nyumbani mwake peke yao aweza kufanya muziki wa sauti na vyombo. Wajukuu wakauliza watoto hao walikuwa wangapi. Nikasema, "Alizaa watoto 20 kwa wake wawili, maana wa kwanza alifariki. Waliokua wakawa watu wazima ni 10." Mama, niliyedhani amesinzia, akasema, "Mama zao waliwahesabu wote 20."

Hakuna aliyejibu neno. Kisha mjukuu wa kike akashika do, tukaanza tena wimbo tangu mwanzo.

Usiku nikafungua Biblia ya nyumbani, kwenye ukurasa ule mtupu wa mbele, nikaandika majina mawili. La kwanza ni la dada yangu, pamoja na mwaka ambao mama aliukumbuka. La pili ni langu, na mbele yake, "Machi 1964, wakati wa kupanda mahindi." Tarehe 11 Mei nimewaachia watu wa pensheni, nao wamepata faida, maana nimewatumikia karibu miezi miwili zaidi ya sheria.

Basi, ndugu zangu wenye nyumba, nanyi walimu, siwaambii mwache karamu. Nawasihi jambo dogo: siku yenu ya kuzaliwa, kabla ya wageni kufika, pikeni chakula ambacho mama zenu walikula walipowazaa, mkawapelekee kama wangali hai, mkawaulize habari za siku ile. Ulizeni pia nani alizaliwa kabla yenu. Waandikeni wote. Gharama yake ni mkungu mmoja wa ndizi na mifupa kidogo; lakini wanaojua habari hizo wanapungua kila mwaka, na karani hakuwako.

Wasalaam.

Mwalimu mstaafu, Machame