Bekapu Yangu Ilikuwa Ndani ya Nyumba Iliyoungua

Wacha nianze na ukweli. Mimi ndiye yule msee huwa anawaambia mfanye bekapu. Nimeshafanya video tatu nzima kuhusu hiyo mambo, na kwenye moja niliwacheka watu wanaopoteza picha zao. Halafu Agosti mwaka jana, saa nane usiku, nikiwa kwa kitanda na simu yangu iliyorutiwa, nikafuta rekodi za chama cha mamangu. Hakuna mtu alinihack. Hakuna mtu alininyang'anya simu kwa mathree. Nilibonyeza mwenyewe.

Kwa wale hawajui: kuruti simu ni kujipa ruhusa ya juu kabisa kwa Android, ile ruhusa kampuni hukunyima. Ukiruti unaweza kutoa zile apu zilikuja na simu na hazitoki, unaweza kuingia kwa folda zilizofichwa, na ukifungua bootloader unaweza kuweka romu nyingine simu ikiachwa na watengenezaji. Simu yangu ilikuwa na miaka minne, haipati apdeti tena, na inashikashika nikiedit video. Ya kununua nyingine sikuwa nayo. Kwa hivyo niliruti, na sijuti hiyo sehemu.

Sasa, chama. Mama ni mweka hazina wa chama cha wamama 14 hapa mtaani. Kila Jumapili kila mtu anatoa Sh300, pesa zinapelekwa benki Jumatatu, Desemba wanagawana kila mtu chake. Rekodi zilikuwa kwa kitabu mpaka mimi nikaacha chuo nikarudi nyumbani, na Mama, nafikiri kunitafutia heshima, akawaambia wenzake, "Huyu kijana anajua mambo ya simu, wacha atuandikie." Nami nikasema kitabu ni mambo ya kizamani. Nikaweka kila kitu kwa apu moja ya noti yenye kufuli ya kidole. Januari mpaka mwisho wa Julai, Jumapili 30, sikukosa hata moja. Nilikuwa najisikia kama CFO.

Hiyo usiku nilikuwa naweka romu mpya. Na bekapu nilifanya! Hapo ndipo huwa naumia. Niliingia TWRP, ile rikavari ya kuchezea simu, nikachagua sehemu zote muhimu, nikangoja dakika kumi na kitu, ikaandika imefaulu. Memori kadi ilikuwa imejaa klipu zangu, kwa hivyo nikaihifadhi kwa simu yenyewe. Nilikuwa nimefanya hivyo mara tatu kabla na haikuwa na shida, kwa sababu zile mara tatu nilitumia kufuta kwa kawaida. Kufuta kwa kawaida ndani ya TWRP kunaondoa apu na data zake lakini kunaacha ile hifadhi unayoona picha na video. Romu hii ya nne ilikataa kuwaka kwa sababu haikuweza kusoma usimbaji wa ile ya zamani. Maelekezo yakasema: bonyeza Format Data.

Format Data si kufuta kwa kawaida. Kwa Android, ile hifadhi ya picha na video haiko kando, iko ndani ya sehemu ileile ya data. Format Data inachoma yote pamoja. Na TWRP hukuonya. Haikubali hata ubonyeze tu, inakulazimisha uandike neno "yes" kwa herufi. Nikaandika. Herufi tatu. Bekapu ilikuwa imelala ndani ya nyumba, na mimi nikawasha kiberiti nyumba yote.

Nilijua nimeharibu romu ilipowaka, ikang'aa vizuri kabisa, na folda ya bekapu haiko.

Lakini nikakumbuka nina nakala ya Mei kwa memori kadi. Hiyo niliifanya na Neo Backup, apu inayotumia ruti kunakili data za apu zingine moja kwa moja. Nikashukuru Mungu. Nikarejesha apu ya noti, nikaifungua, ikaitisha kidole, nikaweka kidole, ikasema haiwezi kufungua hifadhi. Nikajaribu tena. Mpaka saa kumi na moja asubuhi nilikuwa najaribu tena.

Hii ndio kitu sikuwahi kuwaambia kwa zile video tatu, kwa sababu sikuijua. Apu nyingi zenye kufuli husimba data zake kwa ufunguo, na huo ufunguo hauko kwa folda ya apu. Uko kwa Keystore, sehemu ya simu inayolindwa, kwenye simu nyingi na chipu yenyewe. Ruti inakuruhusu kunakili folda yote, lakini ule ufunguo hautoki. Ukifomati simu, ufunguo unakufa. Kwa hivyo nilikuwa na sanduku, liko salama kabisa, halina kitu kimeguswa, na hakuna mtu duniani atalifungua. Faili kuwa pale haimaanishi uko na bekapu. Uko na bekapu siku umerejesha na ikafunguka.

Kumwambia Mama ndio ilikuwa ngumu. Alikuwa anachuja chai. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Zote?" Nikasema zote. Akaweka sufuria chini, akasema, "Jumapili utawaambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Kabla ya Jumapili nikajaribu kujenga hesabu upya. Jumla tuliijua, slip za benki zilikuwa kwa kabati: Sh117,900. Shida haikuwa pesa ziko wapi, shida ilikuwa ni za nani. Si kila mtu alitoa kila wiki. Wamama tisa hutuma kwa M-Pesa, kwa hivyo tukaitisha statement ya Mama, nikakaa nayo siku mbili, mstari kwa mstari. Ikatoka Sh78,300. Hao tisa wakawa sawa. Wakabaki watano wanaolipa kesh, na Sh39,600 za kugawanya kati yao bila ushahidi wowote.

Jumapili nikasimama mbele yao sebuleni kwetu. Nimezoea kuongea na kamera, kamera haikuangalii hivyo. Nikaeleza. Mama mmoja akasema, si kwa ubaya, "Si ndio maana tulisema kitabu." Mwingine akamwangalia Mama, si mimi. Hapo ndipo nilitaka ardhi ipasuke. Mimi nimepoteza faili, lakini anayeonekana kama amekula pesa ni yeye.

Halafu shosh mmoja, mkubwa kuliko wote, anayeuza githeri karibu na stage, akafungua mkoba wake akatoa kitabu cha shule. Kile cha kurasa 32, kina meza ya kuzidisha nyuma. Akasema, "Mjukuu wangu, usikasirike. Mimi simu sikuiamini. Nilikuwa naandika yangu, na ya hawa wawili tunakaa pamoja." Kwa penseli. Tarehe zote. Yake Sh9,000, hakukosa wiki hata moja. Ya jirani wa kwanza Sh8,400, ya wa pili Sh7,800.

Wakabaki wawili na Sh14,400. Mmoja akasema yake ni Sh8,100. Mwingine akasema yake ni Sh7,500. Piga hesabu. Ni Sh15,600. Sh1,200 hazipo, wiki nne za mtu.

Sidhani kuna mtu alidanganya hapo. Wote wawili walikuwa wanakumbuka kwa roho safi, na mmoja alikuwa anakumbuka vibaya, na ni ile rekodi niliyochoma pekee ingesema nani. Nililipa Sh1,200 kutoka mfukoni mwangu, chama kikakubali, hesabu ikafungwa. Lakini hao wamama wawili walikuwa wanatoka kanisani pamoja kila wiki. Sasa kila mtu anatoka na mlango wake. Hiyo sijapata njia ya kurejesha.

Kwa hivyo, wasee, hii ndio video ya nne, ila nimeamua kuiandika.

Kwanza, nakala ikibaki ndani ya simu ileile, hiyo bado si bekapu. Ukimaliza kunakili kwa TWRP au kwa apu, itoe: waya mpaka laptopu, au fleshi. Kisha hakikisha iko huko kabla ya kugusa kitu kingine. Na ujue bekapu ya TWRP huruka picha na video zako hata ukichagua data, hizo unazinakili kando. Kuna kanuni ya wapiga picha na watu wa kompyuta: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja ikae mahali pengine kabisa. Moja kwa simu, moja kwa laptopu, moja kwa Drive au kwa binamu yako mwenye adabu.

Pili, ruti isikudanganye kwamba unaweza kunakili kila kitu. Kama apu inakupa njia ya kutoa data kwa faili la kawaida, lile linalofunguka kwa simu yoyote, tumia hiyo. Hii inahusu noti, inahusu zile apu za kodi za kuingia kwa akaunti, na inahusu chochote chenye kufuli. WhatsApp pia: ukiwasha bekapu iliyosimbwa, nenosiri lake liandike kwa karatasi, kwa sababu ukilisahau hata wenyewe hawakufungulii.

Tatu, jaribu kurejesha siku huna shida. Chagua apu moja isiyo na maana, mchezo tu, inakili, itoe, irudishe. Kama inafunguka pale ulipoachia, sawa. Kama haifunguki, umejifunza bure. Mimi nilijifunza saa kumi na moja asubuhi kwa Sh1,200 na aibu ya mamangu.

Bado mimi ndiye mwandishi wa chama. Nilijitoa, Mama akakataa, akasema ukiharibu unatengeneza. Sasa naandika kwa jedwali la kawaida, na kila Jumapili linaenda kwa Drive na kwa laptopu kabla ya chai. Na shosh sasa anaandika ya wote 14, kwa penseli. Mwisho wa mwezi anasoma kwa sauti nami nafuata kwa skrini.

Mwezi uliopita hatukulingana, wiki mbili. Nikamwambia pole pole kwamba labda ameruka mstari. Tukarudi kwa statement.

Ni mimi nilikuwa nimeruka.