Moto, Maziwa, Mkate na Kuni

Jumapili, 11 Februari 2024

Kaka amemleta mwanawe Z. jana jioni kutoka Korogwe. Matokeo ya kidato cha nne ni mazuri, anataka HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, na mpaka Julai hana shule. "Dada, mtie makali Kiingereza," kaka kaniambia mlangoni, kisha akawahi basi la kurudi. Hata chai hakunywa.

Z. ana programu ya simu inayompa maneno ishirini kila siku. Anakaa barazani anayakariri kwa sauti kama mtoto wa chuo cha Kurani, tofauti ni kwamba mtoto wa chuoni ataisoma aya ileile maisha yake yote, na haya ya Z. kesho yanapisha mengine. Nimemwuliza ya wiki iliyopita. Kacheka tu.

Nami nina langu. Nimefundisha Bayolojia kwa Kiingereza mpaka nikastaafu. Usanisinuru nitaueleza, mzunguko wa damu nitauchora ubaoni huku nasema. Lakini niambie nieleze kwa Kiingereza kwamba fulani ameomba radhi nusunusu, au kwamba jirani anajifanya mnyenyekevu ili asifiwe, hapo nakwama. Shule ilitupa majina ya vitu. Maneno ya kuwasemea watu, tabia zao, shaka zao, haya zao, hatukupewa. Nimeamua tutasoma riwaya za zamani, yeye na mimi.

Alhamisi, 22 Februari

Nimepekua makaratasi yangu ya mafunzo kazini. Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2,000 ya Kiingereza yenye kazi nyingi kuliko mengine. Vile vitabu vyembamba vya hadithi zilizorahisishwa tulivyovisoma shuleni vimetokana na fikra za namna hiyo. Halafu Paul Nation wa New Zealand, mwaka 2006, akakadiria kwamba msomaji anayetaka kusoma riwaya au gazeti bila kushikwa mkono, akijua maneno 98 katika kila 100, anahitaji jamii za maneno (neno pamoja na minyumbuliko yake) 8,000 hadi 9,000.

Basi kati ya 2,000 na 8,000 hakuna mwalimu. Mtoto wetu anaanza kufundishwa kwa Kiingereza akiingia kidato cha kwanza, anafika kidato cha nne akiwa upande wa huku, na kidato cha tano anakabidhiwa tamthilia na riwaya za upande wa kule. Katikati avuke mwenyewe.

Kwa nini vitabu vya zamani hasa? Sababu ya kwanza haina falsafa yoyote: ni bure. Hakimiliki zimekwisha muda, na Project Gutenberg, aliyoianzisha Michael Hart mwaka 1971, inavigawa kwenye intaneti. Riwaya mpya dukani kwa pensheni yangu ni anasa.

Jumamosi, 16 Machi

Ramadhani. Tunasoma baada ya alasiri, njaa ikiwa imeshatulia. Tumeanza na Pride and Prejudice ya Jane Austen, ya mwaka 1813.

Z. alichora mstari chini ya kila neno asilolijua. Ukurasa wa kwanza ukawa mistari mitupu. Nimempa sharti: neno likija mara ya kwanza, liache lipite kama huzuiwi kuelewa. Likirudi, lichoree mstari. Likirudi tena, sasa litafute na uliandike kwenye kaunta buku pamoja na sentensi nzima lilimokaa, na jina la mhusika aliyelisema. Jina la mhusika ni muhimu kuliko anavyodhani. Neno la Mr Collins si neno la Elizabeth, hata likiwa lilelile.

Jumanne, 2 Aprili

Leo tumegombana kidogo juu ya magari ya farasi. Z. ameandika chaise, phaeton, barouche, curricle, na picha amechora. Nimemwambia ayafute. "Lakini shangazi, si maneno magumu hayo?" Ni magumu, ndiyo, na hayana kazi. Yajue kuwa ni magari, kwamba mwenye zuri zaidi ndiye mwenye pesa zaidi, uendelee na safari. Ugumu wa neno si thamani yake. Watu wengi wanaojisifu kwa msamiati wamejaza ghala kwa magari ya farasi.

Neno la kushika ni kama obstinate, amiable, vain. Austen anayo zawadi hii kwa mwanafunzi wa lugha: hakupi maana, anawagombanisha watu juu yake. Katika sura ya tano, Mary Bennet anasimama kutofautisha kiburi na majivuno, kwamba kimoja ni namna unavyojiona na kingine ni namna unavyotaka wengine wakuone. Mary mwenyewe ni mchoshi, na Austen anamcheka, lakini tofauti ile imekaa. Z. ameielewa papo hapo akampa kila mtu wa nyumbani kwao fungu lake. Kaka yangu kapata yote mawili.

Na mtego upo. Mr Collins kila akimtaja mfadhili wake Lady Catherine anaisifu condescension yake. Zamani hizo ilikuwa sifa: mkubwa kushuka akaongea na mdogo. Leo ukimwambia hivyo mwalimu wako mkuu, utakuwa umemtukana kwamba anadharau watu. Z. alikwenda kwenye kamusi, akarudi amechanganyikiwa: kamusi inasema tusi, Collins anasujudu. Hapa ndipo kamusi peke yake inapochoka, inabidi umsome msemaji.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua haikatiki, hapa kwetu Ngamiani barabara zimejaa maji, hatutoki. Austen tumemmaliza kwa kujikongoja. Tumeingia Frankenstein ya Mary Shelley, aliyeianza akiwa na miaka 18 na kuichapisha mwaka 1818 bila kuweka jina lake.

Nilichukua kitabu hiki kwa kuwa najua sayansi kidogo. Sikujua kwamba katikati yake kuna somo zima la kujifunza lugha. Yule kiumbe asiye na jina, aliyeumbwa na Frankenstein, anajificha kwenye kibanda kilichoshikana na nyumba ya akina De Lacey, anachungulia kwenye upenyo, anasikiliza. Maneno yake ya kwanza ni moto, maziwa, mkate na kuni. Kisha majina ya wenye nyumba. Mwenyewe anasema kuna maneno mengine aliyasikia lakini hakuweza bado kuyaelewa wala kuyatumia: zuri, mpenzi, mwenye huzuni.

Nimeweka kitabu chini. Kiingereza changu chote cha darasani ni moto, maziwa, mkate na kuni.

Baadaye anakuja Safie, binti wa Mturuki, na Felix, kijana wa nyumba ile, anamfundisha kwa kumsomea Ruins of Empires cha Volney. Kiumbe naye anasoma pale pale nyuma ya ukuta, mwanafunzi asiyeandikishwa. Halafu anaokota msituni mkoba wenye vitabu vitatu: Paradise Lost ya Milton, Maisha ya Plutarch, na Werther wa Goethe. Kila kimoja kinampa aina yake ya maneno: Goethe ya moyo, Plutarch ya utawala na watu wakuu, Milton ya kumdai aliyemuumba. (Ukifuata hadithi, lugha anayojifunza ni Kifaransa, maana akina De Lacey ni Wafaransa. Z. ndiye aliyegundua, na amefurahi siku nzima.)

Jumatatu, 13 Mei

Intaneti imekufa tangu jana. Redio wanasema nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika, na si kwetu tu. Programu ya Z. haifunguki. Frankenstein iko kwenye simu kwa sababu tuliipakua nzima, na kamusi ya TUKI iko kabatini, nzito, kurasa zake zinanuka nondo. Tumefika mbali leo kuliko siku yoyote. Kutafuta neno kwenye karatasi kunachosha, kwa hiyo unafikiri kwanza kama linastahili.

Kisha tumerudi nyuma kusoma tena pale kiumbe anapokutana na Frankenstein kwenye barafu ya Mlima Mont Blanc na kujitetea. Z. aliwahi kuona vipande vya sinema ya mwaka 1931, Boris Karloff akikoroma tu. Hakuamini kwamba kitabuni huyu ndiye msemaji hodari kuliko wote. Anapanga hoja, anakubali jambo ili ajenge jingine, anarudi nyuma, anadai. Nimemwambia aache majina na vivumishi kwa leo, akusanye viungo: yet, nor, lest, although. Ndivyo vinavyobeba hoja. Mtihani wa kidato cha sita unataka insha, na insha zetu nyingi zinaunganishwa kwa and na because mwanzo mpaka mwisho.

Ijumaa, 31 Mei

Z. ameandika ukurasa juu ya ugomvi wake na rafiki yake wa Korogwe. Sentensi tatu nzuri kweli. Obstinate amelitumia mahali pake kabisa. Lakini amejaza pia countenance na wretch, yule rafiki amekuwa mtu aliyekuja sokoni na joho la harusi. Tumegawa kaunta buku pande mbili: maneno ya kutambua unapoyakuta, na maneno ya kutumia mwenyewe. Countenance limekwenda upande wa kwanza. Upande wa pili una machache, ndivyo inavyotakiwa.

Jioni nimemtolea Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare kama alivyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969. Julius Caesar alikwishaitafsiri mwaka 1963, akairudia kuisahihisha mwaka huohuo wa 1969, naye alikuwa rais mwenye nchi ya kuendesha. Tumesoma kesi ya Shylock kwa lugha mbili, mstari kwa mstari. Kwa msamiati wa kuandikia, Shakespeare hamfai Z. hata kidogo, Kiingereza kile hakiandikwi tena. Kwa kuona jinsi mtu mmoja alivyopambana na kila mstari bila kukwepa, hakuna darasa kama hili. Tuliposhindwa Kiingereza, Mwalimu alitupokea.

Jumamosi, 22 Juni

Amepangiwa shule ya bweni, na simu haziruhusiwi. Nimekwenda steshenari na faili la Frankenstein, wamelichapa pande mbili na kulifunga kwa spirali. Muuzaji aliuliza kama si kosa kunakili kitabu kizima. Si kosa: mwandishi alifariki mwaka 1851 na haki zake zimekwisha siku nyingi.

Z. anataka abebe na Austen, na Dickens, na Shakespeare. Nimemkatalia. Atabeba kimoja na akisome tena tangu mwanzo, maana mara ya kwanza alikuwa anatafuta maneno, hakusoma hadithi. Kamusi ya TUKI nimempa iende naye.

Akija mtoto mwingine, sitaanza na Austen. Sentensi zake ni fupi kuliko za Shelley lakini kejeli yake inamponza mgeni, anashika sifa mahali pa tusi. Frankenstein kwanza, kwa kuwa mhusika wake naye anajifunza na anakuambia anajifunzaje. Austen awe wa pili, msomaji akiwa ameshazoea kuuliza nani anasema. Shakespeare asubiri, na asisomwe bila Mwalimu pembeni.