Upenu wa Mama

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Msomaji mpenzi, methali hiyo nimeiandika katika insha nyingi na kupata alama nzuri, lakini sikuijua maana yake mpaka likizo ya Aprili, niliposhika mwiko wa saruji na kujenga ukuta kweli kweli.

Kwetu ni Karungu, hatua chache kutoka soko la Sori, kando ya Ziwa Victoria. Mama ana hoteli ndogo ya samaki wa kukaanga, chai na mandazi. Nyumba yenyewe ni ya udongo iliyopigwa plasta ya saruji, na mbele yake kuna upenu wa mabati matatu. Chini ya upenu huo ndipo karai la mafuta hukaa, ndipo wateja huketi, na ndipo karo yangu hutoka.

Mwezi wa Desemba upenu ulianza kuachana na ukuta. Mama akanipa shilingi 600.

"Baba, enda ununue boliti nne ndefu, zile za kupita ukuta mpaka ndani. Misumari hapana. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kusikia nilisikia. Lakini sokoni niliona njumu za mtumba zilizonitosha kabisa, na Jumamosi tulikuwa na mechi. Nikanunua misumari ya shilingi 150, na zile 450 zikaenda kwa njumu. Nikaupigilia ubao ukutani huku nikiimba. Mama alipouliza boliti ziko wapi, nikamwambia nimezifunika kwa saruji ili zisishike kutu. Hakusema kitu.

Upepo wa kwetu haudanganywi hivyo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya moto hupaa, na hewa baridi ya ziwani huja kwa kasi kushika nafasi yake. Nilidhani upepo huugandamiza upenu, kumbe huingia chini ya mabati na kuyainua. Kila alasiri misumari yangu ilivutwa kidogo, ikalegea kidogo. Udongo nao hauna meno ya kuushika msumari.

Siku moja ya Aprili wingu jeusi lilitanda juu ya ziwa. Wanawake walikimbia kuanua omena. Kufumba na kufumbua, tulisikia kishindo. Ubao uling'oka pamoja na kipande cha ukuta, mabati yakaning'inia upande mmoja na kulipiga karai. Mafuta ya moto yalimwagika pale pale dada yangu mdogo alipokuwa amesimama. Alikuwa ndiyo tu ameingia ndani kuchukua chumvi. Chumvi, msomaji! Nilitetemeka kama unyasi.

Kesho yake Mama alimwita mzee mmoja fundi wa mashua. Mzee aliingiza kidole katika shimo moja, kisha la pili.

"Ni nani aligonga hii?"

"Ni mimi, Mzee."

"Haya," alisema, akanitazama machoni. "Leta ngazi."

Tulianza na ukuta, si mabati. Tuliondoa udongo wote uliolegea, tukalowesha maji, tukajaza saruji na mchanga. Siku tatu nzima kazi yangu ilikuwa kunyunyizia maji ili saruji isikauke haraka na kupasuka. Mimi nilitaka tupande juu siku hiyo hiyo, lakini mzee alicheka tu. "Hii ukuta bado inalala. Wacha iamke."

Siku ya nne tuliweka ubao mmoja nje na mwingine ndani, tukatoboa kwa keekee, tukapitisha boliti nne kutoka ubao hadi ubao. Kila nati iliwekewa washa pana ili isizame katika mbao. Sasa ukuta ulishikwa pande zote mbili. Mabati tuliyaingiza chini ya ukingo wa paa, maji ya mvua yasipate njia nyuma ya ubao. Nguzo za mbele tulizichimbia futi mbili na kuzifunga kwa waya, maana upepo ukiinua huanzia mbele.

Jioni hiyo nilimfuata Mama jikoni. Nikamweleza yote, misumari, njumu na uongo. Aliendelea kuosha samaki.

"Nilijua," alisema. "Boliti haigongwi na nyundo. Siku ile nilisikia nyundo asubuhi yote. Nikasema wacha ningoje aniambie mwenyewe. Na mimi nilikosa, kungoja na mtoto anasimama hapo chini."

Afadhali angenichapa. Kumsikia mama akijilaumu kwa kosa langu kuliniumiza kuliko kiboko. Njumu niliziuza kwa shilingi 300. Nilimpa zote, na zile 150 zilizobaki nililipa kwa kubeba maji ya hoteli mpaka shule zilipofunguliwa.

Ama kweli, njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianza Desemba ikaishia Aprili. Wanafunzi wenzangu, mkitumwa boliti, nunueni boliti. Na ukipita Sori alasiri upepo ukivuma, karibu chini ya upenu wetu ule samaki. Mabati yatapiga kelele, lakini usiogope.