Njia Pana na Majina Yasiyoandikwa

Mtu wa Maungu si mgeni wa njia kuu, kwa kuwa barabara ya Mombasa na Nairobi, pamoja na reli, hupita mlangoni petu, nasi tumezoea kuwatazama wengine wakipita. Mwezi uliopita nami nalipita. Shughuli yangu mjini Nairobi ilikwisha mapema, nikaona ni heri niitembee Kenyatta Avenue kwa miguu, tangu mwanzo hata mwisho.

Jambo la kwanza limshangazalo mgeni ni upana wake. Husemwa ya kwamba ilipimwa hivyo ili gari la kukokotwa na ng'ombe wengi lipate kugeuka bila taabu. Hapo kwanza iliitwa Sixth Avenue, kisha Delamere Avenue, kwa heshima ya Lord Delamere, mkubwa wa masetla, aliyekufa mwaka 1931. Sanamu yake nayo ilikuwapo, ikaondolewa ulipofika uhuru, mwaka 1963.

Mbele kidogo nalikuta watu watatu wa shaba, waliosimamishwa mwaka 1928 kuwa ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika vita vya 1914 hata 1918. Nikavua kofia. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, nayo yaahidi ya kwamba mtu akifa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Nikaizunguka sanamu nikitafuta majina. Hamna hata moja.

Kwetu vita hivyo si hadithi ya mbali. Agosti 1914 Wajerumani waliitwaa Taveta, na mwaka 1915 reli ya vita ikajengwa toka Voi hata Maktau. Baba wa babu yangu alikuwa katika Kariakoo, yaani kikosi cha wachukuzi. Hesabu ya serikali yenyewe ilionyesha wachukuzi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi. Yeye alirudi, nduguye mdogo hakurudi. Nami, nikiwa nimesimama pale, sikulijua jina la huyo ndugu.

Nikaendelea hata Kipande House, nyumba iliyojengwa mwaka 1913. Vita vilipokwisha, wanaume Waafrika walilazimishwa kuchukua kipande, wakakitundika shingoni ndani ya kikopo cha bati. Humo jina la mtu liliandikwa kwa uangalifu mwingi, pamoja na alama za vidole, ili akiiacha kazi bila ruhusa atafutwe na kukamatwa. Basi majina yaliweza kuandikwa!

Niliporudi Maungu nalikwenda kwa bibi yetu mkongwe, nikamwuliza. Alinitazama kitambo, kisha akalitaja jina, na mahali alipozaliwa mtu yule, na jina la mama yake. Nikayaandika yote katika daftari la mwanangu, naye akayasoma kwa sauti.

Ndugu wasomaji, mali bila daftari hupotea bila habari. Waulizeni wazee wenu wangali hai.