Mpiga Picha wa Kiambere na Giza la Ukumbi

Watu wengi husema kwamba picha mbaya ni kosa la kamera mbaya, na kwamba mtu akiisha kupata fedha za kununua kamera ya bei kubwa, taabu zake zimekwisha. Kisa cha kijana mmoja wa Kiambere, katika nchi ya Wambeere, chaonyesha kwamba jambo lenyewe si jepesi hivyo. Mwenye kufikiri kabla ya kufungua mfuko hupata faida mbili: hupata picha aliyoitaka, na tena hubakiwa na akiba.

Kiambere ni mahali pa jua kali, mawe na vumbi. Wenyeji hulima mtama, uwele, kunde na ndengu, na hufuga mbuzi. Michezo mingi ya vijana huchezwa uwanjani, na katika mwanga wa jua lile hata kamera hafifu hutoa picha njema. Lakini kinyoya cha badminton hupeperushwa na upepo mdogo tu, na kijipira cha tenisi ya meza vilevile. Kwa hiyo michezo hiyo haina budi kuchezwa ndani. Hapo Kiambere ilichezwa katika ukumbi wa kanisa, wenye paa la mabati, madirisha madogo, na taa chache za mirija zilizoning'inizwa juu.

Kijana huyo alikuwa karani wa duka la pembejeo, na siku za Jumamosi na Jumapili alipiga picha za harusi na za sikukuu za shule. Kamera yake ilikuwa Canon ya daraja la chini, pamoja na lenzi ile ndogo ya milimita 18 hadi 55 ambayo aghalabu huuzwa pamoja nayo. Siku moja mama mmoja, muuza ndengu, alimwomba ampige picha binti yake, mwenye umri wa miaka 14, akicheza badminton. Baba wa mtoto alikuwa kazini Mombasa, wala hakuwa amepata kumwona binti yake akicheza hata mara moja. Kijana alipiga picha zaidi ya mia. Mama alipoletewa ile iliyo bora kuliko zote, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, huyu ni mtoto wangu, au ni moshi wa jikoni?"

Kijana alirudisha fedha, lakini maneno yale hayakumtoka moyoni. Usiku ule alihesabu mali yake. Alikuwa na mbuzi watatu wa kuuza, magunia mawili ya ndengu ghalani, na fedha alizoziweka kwa ajili ya karo ya mdogo wake aliyekuwa akingojea kuingia sekondari. Vitu hivyo vyote vikijumlishwa vingekaribia bei ya kamera mpya aliyoiona katika matangazo, yenye kihisi kikubwa cha mwanga na sifa nyingi. Akakata shauri kwamba mwezi ukiisha ataondoka kwenda Nairobi.

Kabla ya kuondoka alikwenda kumwaga mwalimu wake wa zamani, aliyekuwa amemfundisha fizikia. Mwalimu hakumkataza. Alimwuliza swali moja tu: "Je, wajua ni kitu gani kilichoiharibu picha ile?" Kijana akajibu kwamba ni kamera. Mwalimu akasema, "Kamera ni nyumba yenye vyumba vingi. Niambie ni chumba gani kinachovuja, ndipo ununue bati."

Wakakaa chini ya mwembe, wakazitazama picha pamoja na tarakimu zilizohifadhiwa ndani yake. Picha ya moshi ilikuwa imepigwa kwa muda wa sehemu moja ya 60 ya sekunde. Katika muda huo mfupi mkono wa mchezaji huweza kusafiri mbali, na njia yote ya safari yake huandikwa juu ya picha kama ukungu. Mwenye kutaka kuusimamisha mchezo wa badminton hana budi kupiga kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde angalau, na afadhali sehemu moja ya 1,000. Lakini pazia la kamera, liitwalo shata, likifunguka kwa muda mfupi hivyo, mwanga unaoingia nao hupungua, na picha huwa giza.

Ziko njia mbili kubwa za kuufidia mwanga uliopotea. Ya kwanza ni kuongeza aiso, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga. Hiyo ndiyo kazi ya kamera yenyewe, au bodi, kama wapiga picha waitavyo. Kijana alikuwa amekwisha fika aiso 3,200, na picha zake zilikuwa zimeanza kujaa chengachenga kama unga wa mtama usiochekechwa. Njia ya pili ni kupanua tundu la lenzi. Lenzi yake, ilipovutwa hadi milimita 55, haikuweza kufunguka kupita f/5.6. Hesabu hii huwachanganya wengi, kwa kuwa tarakimu ikiwa ndogo tundu huwa kubwa. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ndogo kabisa, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya ile ya f/5.6. Maana yake ni kwamba mahali palipompa kijana sehemu moja ya 60 ya sekunde, lenzi hiyo ingempa sehemu moja ya 500, bila ya kubadili kamera hata kidogo.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini asitumie flashi? Katika harusi flashi yafaa. Katika badminton mchezaji hutazama juu akingojea kinyoya, na mmweko machoni pake wakati huo waweza kumpotezea pointi, au kumfanya ajikwae. Mpiga picha mwenye adabu hauharibu mchezo aliokuja kuupiga picha.

Basi kijana akaazima lenzi ya f/1.8 kwa mpiga picha mwenzake wa Embu, akarudi ukumbini siku ya mazoezi. Ukungu ulikwisha. Vidole vya wachezaji vilionekana, na hata manyoya ya kinyoya yaliweza kuhesabiwa. Lakini likazuka jambo jingine la ajabu. Alipopiga picha tano mfululizo, ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya pili ya manjano, ya tatu giza, ya nne nyeupe tena. Na nyingine zilikuwa na mkanda wa kivuli uliozikata katikati. Akadhani lenzi ya kuazima ni mbovu, akaenda kwa mwalimu akiwa amekasirika.

Mwalimu alizitazama, akacheka, kisha akanyosha kidole kuelekea mtoni. "Kosa latoka kule chini," akasema.

Na kweli latoka kule. Bwawa la Kiambere ndilo la chini kabisa katika yale matano yaliyofuatana juu ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mitambo yake ilianza kutoa umeme mwaka 1988, na nguvu yake, baada ya kuongezwa, ni megawati 168. Umeme huo, kama umeme wote wa gridi ya Kenya, hubadili mwelekeo wake mara 50 kwenda na mara 50 kurudi katika kila sekunde. Kwa hiyo taa za mirija za namna ya zamani, na taa nyingi za LED za bei rahisi, huongeza na kupunguza mwanga wake mara 100 kwa sekunde. Jicho la binadamu halioni kupepesa huko. Kamera iliyofunguka kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde nayo huona kidogo tu, kwa maana hukusanya zaidi ya pigo moja pamoja. Lakini kamera iliyofunguka kwa sehemu moja ya 500 hukata kipande kidogo tu cha pigo: mara hupata kilele, mara hupata bonde.

Hivyo ndivyo ilivyo katika kazi nyingi: aibu moja ikiondolewa, ile iliyokuwa imejificha nyuma yake hujitokeza. Lenzi ilikuwa imeondoa ukungu, na sasa ndipo ilipobainika kwamba kamera mpya yahitajiwa kweli, na kwa sababu gani.

Ziko kamera ambazo huyasikiliza mapigo ya taa, na kulingojesha shata mpaka mwanga ufike kileleni, ndipo zipige. Canon EOS 7D Mark II iliyotolewa mwaka 2014 yaweza kufanya hivyo, na Nikon D500 ya mwaka 2016 vilevile. Na kamera nyingi nzuri zilizokuja baadaye zina uwezo huo. Mwendo wake wa kupiga mfululizo hupungua kidogo, lakini picha zote hutoka na mwanga wa namna moja.

Basi kijana akaziweka kamera zilizokuwa sokoni katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24. Eneo lake ni kama mara mbili na nusu ya kihisi cha 7D Mark II, na kwa hiyo chengachenga zake ni chache gizani. Hizi ni njema, na mwenye uwezo hatajuta; lakini zikiwa mpya bei yake ni kubwa, na ile lenzi ndogo aliyokuwa nayo kijana haikutengenezwa kwa ajili ya kihisi kikubwa. Fungu la pili ni zile zenye kihisi kidogo zaidi, zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo, ambazo sasa hupatikana zikiwa zimetumika. Ile 7D Mark II hupiga picha 10 kwa sekunde, ina vituo 65 vya kulenga, na imezibwa vizuri dhidi ya vumbi, jambo lisilo dogo kwa mtu wa Kiambere. Zaidi ya hayo, lenzi zote za kamera yake ya zamani zaingia humo. Wahenga wamesema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Alipofika Nairobi hakununua katika duka la kwanza. Aliyekuwa akiuza kamera iliyotumika aliombwa aonyeshe hesabu ya mara ambazo shata limekwisha funguka, kwa kuwa shata la kamera hiyo limekadiriwa kudumu mara 200,000, na lililokaribia hesabu hiyo ni kama gari lililokaribia kufa injini. Alipiga picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo ili aone kama kihisi kina madoa. Alijaribu kila kitufe, akachungulia vyuma vya betri kama vina kutu, akapiga picha nyingi mfululizo chini ya taa za duka. Kamera mbili alizikataa, na ya tatu akaichukua. Pamoja na lenzi mpya ya milimita 50, gharama yake yote ilimalizika kwa mbuzi watatu na magunia yale ya ndengu. Karo ya mdogo wake haikuguswa.

Mashindano yalipofika tena katika ukumbi ule, kijana alikwenda mapema. Alichagua kona ambayo mlango wenye jua ulikuwa nyuma yake, si mbele yake. Alikuwa amekwisha pata ruhusa ya wazazi kwa kila mtoto, kwa maana picha ya mtoto si mali ya mpita njia, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi. Akaiweka kamera katika sehemu moja ya 1,000 ya sekunde na aiso 6,400. Chenga hazikukosekana, lakini zilikuwa chache kuliko zile alizozizoea. Picha nyingi hazikufaa pia: katika moja mchezaji amefumba macho, katika nyingine mgongo wa mwamuzi umejaa pote. Kamera haijui ni wakati gani mkono utainuka. Hilo ni la mtu aliyeutazama mchezo mpaka akauelewa.

Lakini picha moja ilifaa. Binti ameruka, miguu yake yote miwili imeiacha sakafu, raketi i nyuma ya bega, na kinyoya kimesimama hewani mbele ya uso wake, kana kwamba kimeamriwa kungoja.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Safari hii hakuuliza swali. Aliifunga ndani ya khanga pamoja na fedha zake, akaanza safari ya kwenda stendi ya matatu ya Kiritiri kutafuta mtu wa kuifikisha Mombasa, na kijana alipomwambia kwamba picha yaweza kupelekwa kwa simu mara moja, mama akamjibu, "Ya simu mtume, mwanangu, lakini hii ataibandika ukutani."

Mwenye kutaka kununua chombo cha kazi, kiwe ni kamera au ni pampu ya maji, na aulize kwanza kama alivyouliza mwalimu yule: ni chumba gani kinachovuja? Aliyelipata jibu ndipo auze mbuzi. Asiyeuliza aweza kuuza zizi zima, na mvua ikanyesha palepale ilipokuwa ikinyesha.