Kidole gumba cha binti yangu

Wazazi wenzangu, leo naomba niseme kosa langu mwenyewe, huenda likamsaidia mwingine.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya. Ujanani nilipiga gitaa la ridhimu kwenye kwaya. Sikufundishwa na mtu. Nilisikiliza nyimbo za Mbaraka Mwinshehe redioni na kuangalia vidole vya wakubwa. Basi binti yangu wa miaka 12 aliposema anataka kujifunza gitaa, nilifurahi kuliko yeye. Nikamnunulia gitaa la mtumba, nikajiteua kuwa mwalimu.

Kodi za mwanzo alizipata haraka. (Ndivyo wapigaji wanavyoziita, wala hazihusiani na TRA.) Ndani ya miezi miwili alikuwa anabadilisha C, G na Am bila kuangalia mkono. Shida ilianza tulipofika F.

Kwa asiyepiga gitaa nieleze kidogo. Gitaa lina nyuzi sita. Kodi nyingi za mwanzo unabonyeza nyuzi mbili au tatu, nyingine unaziacha wazi. Kwenye F kamili, kidole cha shahada unakilaza juu ya nyuzi zote sita kama komeo la mlango, kisha vidole vingine vitatu vinabonyeza mbele yake. Wengi huliacha gitaa hapohapo.

Mimi sikuwahi kulaza kidole. Mkono wangu ni mkubwa, kwa hiyo gumba langu linapanda juu ya shingo ya gitaa na kubonyeza ule uzi mnene. Hata Jimi Hendrix alifanya hivyo, nikaona ndiyo njia. Nikamwambia binti afanye kama mimi. Kiganja chake kidogo kikagandamana na shingo, gumba likaning'inia juu bila kufika, na vidole vingine vikakosa nafasi ya kujikunja. Nyuzi zikawa zinakwaruza tu.

"Bana!" nikamwambia. "Bana zaidi! Watoto wa siku hizi hamtaki kuumia."

Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Mbeya mnaijua. Kila jioni tulikaa sebuleni, mimi nafoka, yeye anabana.

Mke wangu ndiye aliyeona. Asubuhi moja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, umeona mtoto anavyoshika kikombe?" Nikatazama. Alikuwa anashika chai kwa mikono miwili. Nilipomuuliza, alisema amelalia mkono. Mama yake alipombembeleza, akasema kweli: shina la gumba na kifundo cha mkono vilikuwa vinamuuma kwa zaidi ya wiki.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ungesema mimi mvivu, baba."

Sikuwa na jibu.

Jumamosi tulikwenda kwa mwalimu wa kwaya. Hakuanza na mtoto, alianza na gitaa. Akanipa, akasema, "Mzee, hebu laza kidole upige F." Nikajaribu, nikatoka jasho. Nyuzi zilikuwa zimekaa juu mno kutoka kwenye shingo, na mimi nilikuwa sijui kwa sababu sikuwahi kuipiga kodi hiyo kwa njia hiyo. Akazishusha kwa kusaga kwa msasa kile kipande kinachozibeba kwenye daraja, akachonga kidogo vifereji vya juu kule kichwani, akafunga nyuzi nyembamba zaidi.

Kisha akamwonyesha binti. Gumba likae nyuma ya shingo, karibu na katikati, likitazamana na kidole cha kati. Kifundo cha mkono kisipinde sana. Kidole cha shahada kilale karibu kabisa na kile chuma cha freti, tena kwa ubavu wake wenye mfupa, maana upande wa ndani una nyama laini na mikunjo inayomeza uzi. Nguvu isitoke kwenye gumba peke yake: mkono mzima uvute shingo taratibu kuja nyuma, huku mkono wa kulia ukilituliza gitaa kifuani.

Akasema jambo lingine ambalo miaka yote sikulijua. Kwenye F, kidole kilicholala hakina kazi ya kubonyeza nyuzi zote sita kwa nguvu sawa. Nyuzi tatu zimeshashikwa na vidole vingine. Chenyewe kinahitajika kwenye uzi mnene na zile mbili nyembamba tu.

Tena asianzie F, kwa sababu nafasi ya kwanza, karibu na kichwa cha gitaa, ndiyo ngumu kuliko zote. Aanzie nafasi ya tano, ambako umbo lilelile linatoa A, kisha ashuke moja moja kadiri siku zinavyokwenda.

Mwisho akanigeukia mimi. Ncha za vidole kuuma mwanzoni ni kawaida, ngozi itakomaa. Gumba, kifundo au mkono kuuma siyo kawaida. Hapo mtoto aache, apumzike, na maumivu yasipoisha aende hospitali.

Binti alipumzika siku kumi. Usiku wa siku ya kwanza nilikaa kitandani kwake nikamwomba msamaha. Baba yangu hakuwahi kuniomba msamaha hata mara moja, kwa hiyo maneno yalikuwa mazito mdomoni. Nilimwambia, "Ulikuwa unaumia, mimi nikakuita mvivu. Nilikosea." Akanyamaza, kisha akauliza kama gitaa bado ni lake.

Sasa anafanya dakika kumi kwa siku, na akichoka anaweka chini. Ameshuka hadi nafasi ya pili. F bado inakwaruza kwenye uzi wa pili, lakini kikombe anashika kwa mkono mmoja. Na mimi, kwenye umri huu, najifunza kulaza kidole. Yeye ndiye anayenisahihisha gumba.

Mzazi, mtoto wako akishindwa jambo unaloliweza wewe, kabla hujasema hana bidii, pima mkono wake na wako. Halafu muulize panapouma.